Vetiva haikuzaliwa dume

Katika maduka ya manukato siku hizi vetiva hupangwa upande wa wanaume, na chupa inayotajwa mara nyingi kuwa kielelezo cha uzito wake ni Encre Noire, yaani wino mweusi, iliyotolewa na kampuni ya Lalique ya Ufaransa mwaka 2006. Chupa yenyewe ni mchemraba wa kioo cheusi wenye kizibo cha mbao, umbo lililotoka kwenye kidau cha wino. Yakipulizwa mkononi, manukato haya huanza kwa ukali wa saipresi, ukali wa kijani na wa baridi. Baada ya dakika chache ukali huo hushuka, na chini yake hutokea udongo uliolowa, mizizi iliyong'olewa sasa hivi, moshi kidogo, kisha mbao kavu. Kadiri saa zinavyokwenda unyevu hukauka, na jioni hubaki mbao na miski, karibu kabisa na ngozi, bila utamu na bila ua lolote. Wanaoyapenda huyasifu kwa utulivu huo wa giza, na wengi wao humalizia kwa kusema kwamba hii ndiyo harufu ya mwanamume hasa. Giza nakubali lipo. Uanaume ndio ninaoupinga. Mzizi huu umeishi na watu kwa karne nyingi, lakini sifa ya kuwa wa kiume haijatimiza hata miaka 80, na tunaweza kuonyesha ilianza lini, kwa mkono wa nani, na kwa sababu gani ya kibiashara.

Tuanze na mmea. Vetiva ni nyasi, asili yake India, na wataalamu wa mimea huiita Chrysopogon zizanioides. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki na Kongo wataijua kama nyasi ya kuzuia mmomonyoko: hupandwa kwa mistari kwenye miteremko, na Kinshasa imetumika kudhibiti makorongo yanayomeza nyumba na barabara. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu mizizi yake haitambai pembeni, bali huchimba chini moja kwa moja, mita 3 au zaidi udongo ukiruhusu. Manukato nayo yamo humo humo mizizini, kwani majani yake karibu hayana harufu. Huko India, ambako kaskazini huitwa khus, mizizi hiyo ilisukwa kuwa mapazia mazito ya kuning'iniza milangoni na madirishani. Majira ya joto, mtumishi alisimama nje na maji, akayalowesha mapazia tena na tena; upepo wa moto ukipita katikati ya mizizi ile mibichi uliingia ndani umepoa na umebeba harufu ya ardhi baada ya mvua. Abu'l Fazl, mwandishi wa ikulu ya mfalme Akbar mwishoni mwa karne ya 16, ameyaandika mapazia hayo katika kitabu chake Ain-i-Akbari. Kusini mwa nchi, kifungu cha mizizi hutumbukizwa kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Kuna sharubati yake ya kijani ya kuondoa joto, na mjini Kannauj mafundi huikeneka kwenye masufuria makubwa ya shaba mpaka wapate mafuta mazito, mara nyingi yenye rangi ya kijani inayotokana na shaba yenyewe. Katika matumizi yote haya sioni mahali ambapo mzizi uligawiwa jinsia moja. Bibi, babu na mtoto walikaa nyuma ya pazia lile lile na kunywa maji ya mtungi ule ule. Sifa iliyotafutwa ilikuwa ubaridi.

Ulipofika Ulaya, mzizi uliingia nyumbani kwa mlango wa kabati la nguo. Katika karne ya 19, Ufaransa na pia New Orleans kwenye jamii za asili ya Kifaransa, vifungu vya mizizi mikavu viliwekwa katikati ya mashuka, shali na magauni ili kufukuza wadudu na kuacha harufu safi. Makabati hayo yalitunzwa na wanawake, na nguo zilizolala humo kwa sehemu kubwa zilikuwa zao. Baadaye, mafuta yalipoanza kutumika zaidi na watengenezaji manukato, thamani yake kubwa ilikuwa kazi ya msingi: chembe zake ni nzito, haziruki haraka, kwa hiyo huzishikilia harufu nyepesi za maua zisitoweke mapema. Ndivyo vetiva ilivyoingia katika Chanel No. 5 mwaka 1921, manukato ambayo kwa miongo mingi yamekuwa alama ya mwanamke wa mjini. Kwa maneno mengine, wakati wazo la vetiva ya kiume lilipokuja, wanawake wa Magharibi walikuwa tayari wameivaa kwa vizazi, mara kwenye shali, mara kwenye msingi wa chupa ya maua, bila mtu kuwaambia kwamba wanavaa kitu cha waume zao.

Mabadiliko yalikuja kwa kasi. Mwaka 1957 kampuni ya Carven ilitoa Vétiver. Mwaka 1959 Givenchy wakatoa yao, na kipindi hicho hicho Jean-Paul Guerlain, akiwa bado kijana, akatunga ile ya kampuni ya familia yake. Ulaya ilikuwa imetoka vitani, mishahara inapanda, na wauzaji walikuwa wanamtafuta mteja mpya, yaani mwanamume wa kawaida ambaye mpaka hapo alinunua sabuni, maji ya kolonya na dawa ya kupaka baada ya kunyoa. Mteja huyu aliogopa maua. Alihitaji kitu kilichosikika kama mmea au kiungo, chenye jina fupi na bila hadithi ya mapenzi, naye akapewa mzizi. Lakini angalia alipewaje. Vetiva ya Guerlain ilichangamshwa kwa limau na machungwa, ikatiwa kungumanga na tumbaku, na ikatoka harufu ya shati lililopigwa pasi na kidevu kilichonyolewa asubuhi. Haikuwa na giza lolote. Uanaume wa enzi hiyo ulikuwa wa ofisini, wa tai na usafi, na mzizi ulisuguliwa mpaka ukalingana nao.

Giza lilikuja karibu nusu karne baadaye, na hapo ndipo madai ya asili yanapovunjika. Encre Noire iliondoa sehemu kubwa ya limau na sabuni, ikarudisha udongo na moshi, ikauzwa nayo kama manukato ya kiume. Mwaka huo huo wa 2006 Hermès walitoa Terre d'Hermès, ambamo Jean-Claude Ellena aliweka vetiva pamoja na chungwa na harufu ya jiwe kavu, nayo ikauzwa kwa mwanamume. Mzizi ule ule umekuwa wa kiume ukiwa msafi, wa kiume ukiwa mchafu, wa kiume ukiwa mkavu kwenye jua. Kama jinsia ingekuwa ndani ya mafuta, isingebadilika sura kila ladha ya zama inapobadilika. Na aliyeitunga hiyo Encre Noire, inayosemwa kuwa kilele cha harufu za kiume, ni mwanamke, Nathalie Lorson. Hata mbao yake ya kashmiri, inayotajwa kwenye maelezo ya bidhaa, haina msitu inakoota: ni kemikali ya maabara, yenye ulaini wa joto unaojaza nafasi kati ya mzizi na miski. Mwaka 2009 Lalique walitoa toleo la wanawake la wino huo, wakatanguliza maua na miski na kuirudisha vetiva chini. Mimi naona hapo ushahidi wa wazi kabisa: kampuni moja, jina moja, mzizi mmoja, na jinsia ikaamuliwa na kilichowekwa mbele na kilichofichwa nyuma.

Atakayepinga anaweza kusema kwamba historia haifuti pua. Harufu ya udongo, moshi na mbao ni nzito na kavu, na watu wengi huihusisha na mwanamume bila kusoma tangazo lolote. Pingamizi hili lina nguvu, na lazima lijibiwe kwa uzito. Kwanza, uzito wenyewe si mmoja. Mafuta ya Java mara nyingi hubeba moshi mwingi. Ya Haiti hujulikana kwa usafi na wepesi wake. Ya kisiwa cha Réunion, yaliyopendwa sana zamani, yalisifiwa kwa kuwa na waridi kwa mbali. Udongo, umri wa mizizi, namna ilivyooshwa na jinsi moto ulivyosimamiwa wakati wa kukeneka, vyote vinaamua kama mafuta yatatoka meusi au mang'avu. Pili, kuna mwambao wetu wenyewe na Ghuba. Udi ni mzito kuliko vetiva, una moshi na una ukali wa mnyama, lakini Zanzibar, Mombasa na Muscat mwanamke hufukiza nguo na nywele kwa udi, na bwana harusi naye hufukiziwa kanzu yake. Waridi, ambalo Paris ingelipeleka upande wa wanawake bila kufikiri, hunyunyizwa kutoka kwenye mrashi juu ya mikono ya wanaume katika maulidi na harusi, na mafuta yake huchanganywa na udi kwa ajili ya shekhe na mfanyabiashara. Pua za watu hawa zina afya sawa na pua za Paris. Zimelelewa tofauti tu, na zikafikia hukumu tofauti juu ya harufu zile zile.

Mwingine atasema: sawa, ni desturi, lakini desturi inamsaidia mnunuzi asipotee kati ya mamia ya chupa, na wanaume wameipenda vetiva kwa dhati. Sina ugomvi na mapenzi hayo. Mwanamume anayevaa Encre Noire kwenye mji wenye baridi na ukungu amechagua vizuri, maana hewa ya unyevu huiongezea kina. Shida ya kibao cha jinsia ni kwamba humzuia mteja kuuliza maswali yanayofaa: mafuta haya yametoka wapi, ni mengi kiasi gani kwenye chupa, yanakaaje kwenye joto la nyuzi 32. Pia humfungia nje mwanamke ambaye mama wa bibi yake huenda alilaza nguo juu ya mzizi huo huo.

Zaidi ya yote, kibao hicho hufunika kazi ya watu. Sehemu kubwa ya mafuta ya vetiva yanayouzwa duniani hutoka Haiti, hasa eneo la Les Cayes kusini. Mmoja wa waliojenga biashara hiyo ni Louis Déjoie, mtaalamu wa kilimo na seneta, aliyeshindwa na François Duvalier katika uchaguzi wa urais wa 1957, mwaka ule ule Carven walipotoa Vétiver. Ili kupata mafuta, ni lazima nyasi ing'olewe nzima, mizizi ikatwe, ikaushwe, kisha ikenekwe kwa mvuke kwa saa nyingi. Mizizi mikavu kilo 100 hutoa takriban kilo 1 tu ya mafuta. Mkulima mwenye dhiki hulazimika kuchimba kabla mizizi haijakomaa, akapata mafuta machache na dhaifu, na mteremko uliochimbuliwa huachwa wazi kwa mvua, ingawa ni mmea huu huu ambao kwingine hupandwa kuushika udongo. Kimbunga Matthew cha Oktoba 2016 na tetemeko la 14 Agosti 2021, la ukubwa wa 7.2, vyote vilipiga upande huo huo wa nchi. Mafuta yanayosafirishwa kutoka huko hupimwa kwa ubora na asili yake, kisha hununuliwa na kampuni ambazo huyatia kwenye manukato ya kike na ya kiume kwa pamoja. Mgawanyo hufanyika baadaye, mezani kwa wanaopanga jina, rangi ya chupa na rafu ya duka.