Sauti Juu ya Picha: Historia ya Sinema na Vipindi vya Watoto Ufipa

Watu wazima wengi wa uwanda wa juu wa Ufipa, kuanzia mjini Sumbawanga hadi Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo inayopakana na Zambia, wanakumbuka kwa mapenzi makubwa filamu na vipindi vya utotoni ambavyo leo ni vigumu kuvipata popote. Kumbukumbu hizo, kama zilivyo za wenzao wengi wa Tanzania Bara, zina sifa moja ya pekee: mara nyingi kilichobaki akilini ni hadithi kama ilivyosimuliwa kwa Kiswahili na mtu aliyesimama kati ya picha na watazamaji, na jina la filamu au la mtengenezaji wake limekwisha kusahauliwa. Makala hii inafuatilia nafasi ya msimulizi huyo tangu enzi ya ukoloni, na inatetea hoja kwamba sauti yake ni urithi unaostahili kuhifadhiwa sawa na hadithi za mababu.

Msimulizi huyo hakuanza na sinema. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1978 kitabu kizima kuhusu sanaa ya masimulizi ya Wafipa, jambo linaloonyesha utajiri wa fasihi simulizi ya eneo hili. Katika fasihi ya namna hiyo fanani, yaani mtambaji wa hadithi, hajitengi na hadhira yake, kwa kuwa wasikilizaji huitikia, huimba kibwagizo na humhimiza aendelee, na kwa sababu hiyo hadithi ileile huzaliwa upya kila inapotambwa.

Sinema ilipoingia Tanganyika ilimkuta fanani huyo na ikamhitaji. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa majaribio ya sinema ya elimu, unaojulikana kwa kifupisho cha BEKE, uliweka kambi yake Vugiri katika Milima ya Usambara chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, ukatengeneza filamu fupi zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya na uchumi wa kaya. Filamu hizo hazikuwa na sauti ndani yake, hivyo maelezo yalirekodiwa kwenye santuri iliyopigwa sambamba na picha. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha kitengo cha filamu za makoloni, na gari la sinema, yaani gari lililobeba jenereta, projekta, kipaza sauti na pazia jeupe, likawa chombo kikuu cha kupeleka picha vijijini. Mfafanuzi aliyeshika kipaza sauti alieleza kwa lugha ya wenyeji kila kilichoonekana, na baada ya masomo ya usafi na kilimo, katika makoloni mengi ya Uingereza barani Afrika, zilifuata filamu za Charlie Chaplin, ambazo watoto walizisubiri kwa hamu kuliko mafunzo yote yaliyotangulia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitokea filamu za Kiswahili zilizoigizwa na Watanganyika wenyewe, ikiwamo Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Baada ya Uhuru iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na sinema ikatumika pia kueneza siasa ya Ujamaa.

Hata hivyo, chombo kilichowafikia watoto wengi zaidi kilikuwa redio. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo mtoto wa Bara aliyekua katika miaka ya 1980 alilelewa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika kipindi cha Mama na Mwana, Deborah Mwenda alisimulia hadithi kwa sauti iliyobadilika kulingana na mhusika, na familia nyingi zilianika betri juani ili zipate nguvu kidogo za kufikia mwisho wa kipindi. Hapa picha haikuwapo kabisa, kwani kila msikilizaji aliichora mwenyewe akilini mwake.

Kisha zikaja deki za video na mabanda yaliyoitwa vibanda umiza, ambayo yalikuwa vyumba vyenye mabenchi, televisheni moja na kiingilio kidogo. Huko Ufipa, katika mkoa ambao kwa muda mrefu ulitegemea umeme wa kununua kutoka Zambia, nje ya gridi ya taifa, maeneo mengi yasiyofikiwa na nyaya yaliweza kuonyesha video kwa jenereta tu. Watoto walitazama picha za Kihindi na za Kichina, wakimshangilia stelingi, yaani shujaa mkuu, wakiamini kwamba hafi kamwe. Lugha ya filamu hizo ilikuwa ngeni kwao, na pengo hilo lilizibwa na watafsiri wa video, maarufu miongoni mwao akiwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mtafsiri wa aina hii hakufasiri neno kwa neno: sauti ya filamu ilipunguzwa, naye akazungumza juu yake kwa niaba ya wahusika wote, akieleza nia ya adui kabla hajatenda, akiongeza methali na utani wa mitaani, na kuonya watazamaji kuhusu ubaya wa tamaa. Filamu ya Hong Kong iliyopita mikononi mwake ilitoka ikiwa kazi mpya, ambayo haipo Hong Kong.

Hapo ndipo ugumu wa uhifadhi ulipo. Filamu asilia huenda imetunzwa vizuri katika nchi ilikotengenezwa, lakini tafsiri yake ya Kiswahili ilikaa kwenye kanda za VHS, ambazo utepe wake wa sumaku huharibika kwa unyevu, vumbi na kuchezwa mara nyingi, na maneno ya mfafanuzi wa gari la sinema yaliishia hewani jioni ileile. Watoto wa leo wana vipindi vilivyobuniwa kwa ajili yao nchini, kama Ubongo Kids kilichoanza kurushwa mwaka 2014, na hilo ni jambo la kujivunia, lakini historia iliyotangulia isiachwe ipotee kwa sababu tu haikuandikwa.

Kanda za Radio Tanzania zilizorithiwa na TBC, shirika la utangazaji la taifa, zinahitaji kuingizwa katika mfumo wa kidijitali, zikianza na vipindi vya watoto. Walimu na maofisa utamaduni wa Kalambo na Sumbawanga nao wawarekodi wazee na waliokuwa wamiliki wa mabanda wakisimulia walichokiona na walichokisikia, na kila mwenye mkanda wa zamani wa filamu iliyotafsiriwa asiutupe, bali aunakili mapema, kwa kuwa huenda nakala yake ndiyo pekee iliyobaki.