Wana wa Dadaab waliotwaa ubingwa wa Maine mwaka 2015

Mwaka 2015 ukitajwa Garissa, la kwanza kuja akilini ni msiba. Tarehe 2 Aprili mwaka huo Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, wakauawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku tisa baadaye Naibu wa Rais wa wakati huo, William Ruto, aliupa Umoja wa Mataifa miezi mitatu kuifunga kambi ya Dadaab iliyo katika kaunti hiyohiyo, la sivyo serikali ingewahamisha wakimbizi yenyewe.

Mwaka huohuo, vijana waliopitia kambi hiyo walifanya jambo jingine ng'ambo. Kwetu halitajwi sana, nami naona lastahili kuwekwa kwenye kumbukumbu.

Walikotoka

Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilianza mwaka 1991 na 1992, Somalia ilipoingia vitani. Zilikusudiwa watu 90,000. Kufikia 2011, mwaka wa ukame na njaa, zilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Watoto wengi walizaliwa humo na mpira wao wa kwanza wakaupigia vumbini.

Baadhi ya familia zilipata nafasi ya kwenda Marekani. Kuanzia 2001 Wasomali walianza kuhamia Lewiston, mji wa jimbo la Maine wenye watu wapatao 36,000. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, lakini vingi vilikuwa vimeshafungwa.

Hawakupokewa wote kwa bashasha. Mwaka 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwataka wasiendelee kuja. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilifanya mkutano kuwapinga. Wakatokea watu wachache tu, huku maelfu wakikusanyika kwingine mjini kuwaunga mkono wageni. Mwaka 2006 mtu mmoja alitupa kichwa cha nguruwe msikitini waumini wakiwa katika swala.

Timu yenyewe

Shule ya Sekondari ya Lewiston ilikuwa na kocha wa siku nyingi, Mike McGraw, ambaye hakuwa amewahi kutwaa ubingwa wa jimbo katika soka. Alipoona vijana hawa wakipigiana pasi, alijua amepata kitu. Lakini ilimbidi naye ajifunze: saumu ya Ramadhani, majina, na namna ya kuwachanganya wenyeji na wageni wakawa kitu kimoja.

Kauli yao kabla ya kuingia uwanjani ilikuwa ya Kiswahili: "Pamoja ndugu!" Waliibeba kutoka Kenya, na hata wenzao Wazungu wakaipaza.

Mwaka 2014 walifika fainali wakafungwa. Msimu wa 2015 walirudi na kiu. Walicheza mechi 17 wakashinda zote. Walitia mabao 113, wakafungwa 7 tu.

Fainali

Mechi ya mwisho ilichezwa tarehe 7 Novemba 2015 mjini Portland, dhidi ya Scarborough, timu yenye sifa ya ulinzi mkali. Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Kipindi cha pili Lewiston wakapata mpira wa kurusha. Mrushaji alipinduka sarakasi, mikono na mpira vikigusa chini, kisha akainuka na kuuachia. Ukaruka hadi langoni, ukamgusa kipa vidoleni, ukazama wavuni. Ungeingia bila kuguswa na mtu, sheria ingelikataa bao. Huo mguso ndio uliolihalalisha. Ikawa 1-0 hadi kipenga cha mwisho.

Mwandishi wa Marekani, Amy Bass, alitunga kitabu kizima juu ya msimu huo, "One Goal", kilichotoka 2018.

Funzo kwetu

Sisemi kwamba kombe hufuta ubaguzi. Maneno machafu yalibaki Lewiston, na wachezaji waliyasikia hata viwanjani. Lakini wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Mji uliowaogopa hawa watoto uliwashangilia, na shule ikapata taji ambalo haikuwahi kulipata.

Hapa kwetu, Dadaab haikufungwa katika miezi ile mitatu, na Februari 2017 Mahakama Kuu iliuzuia mpango wa kuifunga. Hata hivyo, kijana wa kambini, na hata Mkenya halisi wa Garissa, Wajir au Mandera, bado hutazamwa kwanza kama mshukiwa. Sisi wa pwani twalijua jicho hilo.

Vijana wa Lewiston hawakuzaliwa na damu tofauti na wenzao waliobaki Hagadera. Walichoongezewa ni uwanja, kocha mvumilivu na karatasi za kuwaruhusu kutembea. Walipopewa hayo, mabao yakaja. Basi kabla hatujasema Kaskazini Mashariki haina vipaji, tujiulize ni vingapi vimekaa nyuma ya ua vikingoja kuitwa ndugu.