Ziara ya Mapango ya Sterkfontein: Historia Fupi



Kamati imeniomba nieleze kwa ufupi historia ya mahali tutakapozuru siku ya pili ya mkutano wetu. Mapango ya Sterkfontein yako umbali wa kilomita 50 hivi kaskazini-magharibi ya Johannesburg, katika eneo lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999. Sisi tuliokulia Tanga, jirani na mapango ya Amboni, hatutastaajabia mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji. La kustaajabisha hapa ni mifupa.

Waliotangulia hawakuja kutafuta mifupa. Mwishoni mwa karne ya 19 wachimbaji walilipua mapango haya kwa baruti ili wapate chokaa, iliyohitajika katika ujenzi na katika usafishaji wa dhahabu ya Johannesburg. Ni mabaki mangapi ya kale yaliyoishia tanurini, Mungu ndiye ajuaye.

Kisa ambacho ningependa watoto wetu wakijue ni cha mwaka 1997. Profesa Ron Clarke alikuwa amegundua, ndani ya masanduku ya mifupa iliyokusanywa zamani, vipande vichache vya mguu wa kiumbe wa kale. Aliwakabidhi wasaidizi wake wawili, Stephen Motsumi na Nkwane Molefe, nakala ya kipande cha mfupa wa muundi uliovunjika, wakatafute pangoni mahali ulipobaki upande wa pili. Pango ni kubwa na giza lake ni totoro, nao walikuwa na taa za mkononi tu. Walipapata kwa siku mbili. Kuyatoa mabaki yote mwambani kulichukua takriban miaka 20, na mwaka 2017 mifupa ya “Little Foot”, karibu mwili mzima, ikaonyeshwa hadharani. Kuhusu umri wake wataalamu wangali wanabishana; wapo wasemao miaka milioni 3.67.

Majina ya wasaidizi hao nimeyataja kwa makusudi. Profesa Clarke, kwa haki, aliyaandika. Si kila mkubwa hufanya hivyo. Babu yetu alitoka bara akaingia Tanga kama manamba wa mashamba ya mkonge, na neno lenyewe lajieleza: mtu aliitwa kwa namba yake. Nimetumikia masjala za serikali miaka mingi, nami najua kwamba jalada lisilo na jina halitafutwi na mtu.

Katika mti wa ukoo uliochapishwa humu, nafasi tatu za kizazi chake zingali tupu, mojawapo ikiwa ya mkewe wa kwanza. Mama zetu wa Muheza na shangazi aliyeko Muscat huenda wanayakumbuka majina hayo. Tafadhali wamfikie katibu kabla ya Jumapili.

Mapangoni kuna ngazi nyingi na mahali pa kuinama. Wazee wenye magoti mabovu tutabaki juu, kwenye maonyesho.