Jina, Lugha na Uraia: Kutoka Zaire hadi Kongo

Jina la taifa ni matini, na kama matini yoyote lina mtunzi, hadhira na mambo linayoyanyamazia. Historia ya Kongo tangu uhuru wa 1960 inaithibitisha kauli hii. Watawala wake wawili waliibadilishia nchi jina wakidai kuwarejeshea raia utu wao, ilhali swali la nani hasa ni raia lilibaki bila jawabu.

Mnamo tarehe 27 Oktoba 1971, Mobutu aliiita nchi Zaire. Mwaka uliofuata aliliacha jina la Joseph-Désiré, akajiita Mobutu Sese Seko, na wananchi wakatakiwa kuyaacha majina yao ya Kikristo. Hiyo ndiyo iliyokuwa itikadi ya uasilia. Kinaya chake ki wazi: Zaire ni matamshi ya Kireno ya neno la Kikongo nzadi, yaani mto. Uasilia wenyewe ulikuwa umepitia kinywani mwa mgeni.

Kinaya hicho kinajirudia katika sheria. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wameishi Kivu tangu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 iliwapokonya, kwani iliufunga uraia kwa makabila yaliyokuwamo nchini mwaka 1885. Huo ndio mwaka ambapo dola la Leopold II wa Ubelgiji lilizaliwa. Hivyo basi, serikali iliyoukana ukoloni kwa majina iliupima Uzaire kwa kalenda ya mkoloni.

Laurent-Désiré Kabila alipotwaa madaraka Mei 1997, jina la Kongo na wimbo wa taifa wa enzi ya uhuru vilirejeshwa. Hata hivyo, wapiganaji wake walitoka mashariki wakizungumza Kiswahili, wakaingia Kinshasa, jiji la Kilingala, lugha iliyotumiwa na jeshi tangu ukoloni. Kwa kuwa miongoni mwao walikuwamo askari wa Rwanda, Kiswahili, lugha ya mamilioni ya Wakongo wa Kivu na Katanga, kilisikika masikioni mwa wengi kama lugha ya wageni. Vita vilipozuka Agosti 1998, walioshukiwa kuwa Watutsi waliwindwa na kuuawa jijini humo. Jina lililorejeshwa halikuwakinga.

Katiba ya 2006 inavitambua Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Aidha, inaufungamanisha uraia wa asili na makabila ambayo watu na ardhi yao viliunda nchi wakati wa uhuru. Mpaka umesogezwa kutoka 1885 hadi 1960. Hiyo ni hatua kubwa, lakini kigezo kingali kabila. Mhakiki anayelichambua jina la taifa bila kuisoma sheria ya uraia amelisoma jalada na kukiacha kitabu.