Kome, Jani na Sikio la Kufa

Sikio la kufa halisikii dawa. Wahenga walipoisema methali hii hawakuwa wakimsema kiziwi. Walimsema mtu mwenye masikio mazima aliyeambiwa jambo la kumfaa akalipuuza. Katika lugha yetu kusikia ni neno lililobeba mzigo mkubwa kuliko kazi ya sikio: husemwa kusikia harufu, kusikia baridi, kusikia njaa, mtoto mtiifu huitwa msikivu, na watu waliopatana husemwa kuwa wanasikilizana. Basi asiyesikia kwa sikio yawezekana akawa msikivu, na mwenye sikio zima yawezekana akawa kiziwi wa kutupwa. Historia ya chombo kinachompatia kiziwi sauti inaushuhudia ukweli huo, kwani baadhi ya waliokuwa wazito kusikia katika kisa hicho walikuwa ni wataalamu wa masikio.

Maradhi hayo ya kutosikiliza tunayajua hapa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza alipohamia Mkwawa, Iringa, na huko pia alichekwa. Siku Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipofika shuleni kutoa mhadhara, kijana huyo alisimama akauliza tena. Osborne hakucheka, aliahidi kulijaribu jambo lenyewe, na akatimiza. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na hata leo jambo hilo linaitwa duniani kwa jina la Mpemba. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya sababu zake, na hata juu ya uhakika wake. Lakini kubishana ni jambo moja na kucheka ni jingine. Anayebisha amesikia, anayecheka hakusikia.

Kisa cha sikio kina umbo hilo hilo, ila aliyechekwa alikuwa daktari kijana wa Australia, na kilichokuwa hatarini ni maisha ya watu waliokatiwa tamaa.

Kwanza tuliangalie sikio lenyewe. Msomaji wa pwani anao mfano wake karibu. Atakayetembea ufukweni Kigamboni maji yakiwa yamekupwa ataokota kome, na akilitazama ataona njia inayojipinda na kupungua upana kadiri inavyoelekea ndani. Katika fuvu la kila mmoja wetu kuna kijumba cha umbo hilo, kisichozidi ukubwa wa mbegu ya kunde, kilichojizungusha karibu mara mbili na nusu. Madaktari hukiita koklea, neno lililotokana na jina la konokono katika Kigiriki cha kale. Ndani yake zimo maelfu ya seli zenye vinyweleo. Zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, na zilizo kwenye kilele hupokea sauti nene, mithili ya kinanda kilichokunjwa. Seli hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme, na neva ya kusikia huupeleka umeme huo kwenye ubongo.

Seli hizo zikifa hazioti tena. Huuliwa na homa ya uti wa mgongo, na surua, na rubela impatayo mama mjamzito, na baadhi ya dawa kama streptomisini, na makelele makubwa. Mwambao wa Dar es Salaam, Kigamboni ikiwamo, uliisikia kwa miongo mingi milipuko ya uvuvi wa baruti, uvuvi uliopigwa marufuku na sheria tangu mwaka 1970 lakini ukaendelea. Baruti haichagui: huwapasua samaki, huvunja matumbawe, na yaweza pia kuliharibu sikio la mvuvi mwenyewe. Kwa mtu ambaye seli zake zimekwisha kufa, shimesikio la kawaida halisaidii, kwa kuwa kazi yake ni kukuza sauti, na sauti hata ikikuzwa namna gani haina wa kuipokea.

Graeme Clark alizaliwa mwaka 1935 katika mji mdogo wa Camden, New South Wales. Baba yake alikuwa muuza dawa mwenye uziwi, na wateja walilazimika kupaza sauti dukani kuhusu maradhi ambayo wangependa kuyataja kwa kunong'ona. Mtoto aliiona fedheha ya pande zote mbili, akawa anasema kwamba akikua atatengeneza masikio. Alikua, akawa daktari mpasuaji wa masikio. Katikati ya miaka ya 1960 alisoma ripoti ya Blair Simmons wa Stanford, aliyejaribu kuisisimua neva ya kusikia kwa umeme. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 32, aliiacha kazi yenye kipato kizuri akarudi chuoni kuwa mwanafunzi. Katika utafiti wake, alioumaliza mwaka 1969, aligundua kuwa waya mmoja hauwezi kuyabeba maneno. Zinahitajika nyaya nyingi, kila mmoja mahali pake ndani ya kome.

Mwaka 1970 alipewa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Melbourne. Cheo kilikuja, kusadikiwa hakukuja. Haki yatudai tuseme kwamba waliompinga walikuwa na hoja. Walisema: vipi nyaya kumi zishike nafasi ya maelfu ya seli? Waya ukisukumwa ndani, je, hautararua hata kile kidogo kilichosalia? Na sikio la kati likiingiwa na vijidudu, je, havitaifuata njia hiyo hadi kwenye ubongo? Hayo yalikuwa maswali halali, na Clark alitumia miaka mingi kuyajibu moja baada ya jingine. Lakini pamoja na hoja palikuwa na dhihaka, na wako waliomwita mchekeshaji. Fedha za utafiti zikawa haba, hata ikabidi ifanywe harambee katika televisheni ya Melbourne ili wananchi wachangie. Walioamini mapema hawakuwa mabingwa. Walikuwa watu wa kawaida waliokuwa na kiziwi nyumbani.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa cha ufundi tu, lakini kilitosha kuikwamisha kazi nzima: kila waya uliosukumwa ndani ya koklea ulikwama kabla ya kufika panapohitajika. Mwaka 1977, akiwa mapumzikoni katika ufuko wa Minnamurra, Clark aliokota kome akaanza kulichokoa kwa majani ya nyasi. Akaona kuwa jani lenye ncha laini na shina gumu linateleza na kuzunguka hadi ndani bila kukunjika. Siri ilikuwa hapo: waya uwe mlegevu kwenye ncha na uzidi ugumu kuelekea nyuma. Kitu ambacho maabara haikukitoa kilitolewa na mchanga wa pwani. Watoto wa Kigamboni nao huchokoa makome kila siku kwa vijiti na vinyasi, na hakuna anayewaambia kuwa huo ni utafiti.

Tarehe 1 Agosti 1978, katika hospitali ya macho na masikio ya Melbourne, Clark na wenzake walimpandikizia chombo hicho Rod Saunders, mtu aliyepoteza usikivu kwa ajali iliyomjeruhi kichwa. Majaribio ya kwanza hayakutoa kitu. Baadaye ikabainika kuwa mitambo ilikuwa na hitilafu. Ilipotengenezwa, walimpigia wimbo wa taifa, na Saunders akasimama wima kwa heshima, nyaya zikiwa zimemning'inia. Hakuambiwa ni wimbo gani. Miezi michache baadaye alianza kuyatambua maneno kwa kusikia tu, bila kutazama midomo, na Clark alikwenda chumba cha pili akalia. Hoja zote za vitabuni zilijibiwa na mtu mmoja aliyesimama.

Haifai kumpa Clark sifa peke yake. Mjini Paris, mwaka 1957, André Djourno na Charles Eyriès walikuwa wameshaweka waya karibu na neva ya kiziwi, naye akasikia mapigo. Mjini Los Angeles, William House alianza kazi hiyo mwaka 1961 kwa waya mmoja, akashutumiwa vikali. Na mjini Vienna, Desemba 1977, chombo cha nyaya nyingi kilichobuniwa na Ingeborg Hochmair pamoja na mumewe Erwin kilipandikizwa miezi kadhaa kabla ya kile cha Melbourne. Binti huyo mhandisi alikuwa na miaka 24 tu. Idhini ilipatikana polepole: mwaka 1985 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikikubali chombo cha Melbourne kwa watu wazima, na mwaka 1990 kwa watoto wa kuanzia miaka miwili. Mwaka 2013 Clark, Ingeborg Hochmair na Mmarekani Blake Wilson walitunukiwa Tuzo ya Lasker. Leo vipandikizi vilivyokwisha wekwa duniani vinapindukia milioni moja.

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa hadithi nyepesi ya wema na wabaya. Lakini mara chombo kilipoidhinishwa kwa watoto, sauti nyingine ilisikika, nayo ni ya viziwi wenyewe. Marekani, Ufaransa na Australia wako waliosimama kupinga. Walisema: sisi si mitambo mibovu; tunayo lugha yetu ya alama, na mashairi yetu, na ndoa zetu, na utani wetu. Walikuwa na sababu ya kushuku. Mwaka 1880 walimu waliokutana Milan waliazimia lugha za alama ziondolewe shuleni, na kwa vizazi vizazi watoto viziwi waliadhibiwa kwa kuzungumza kwa mikono yao. Radhi kwa azimio hilo ilikuja mwaka 2010 kule Vancouver, baada ya miaka 130. Hapo mambo yaligeuka: walioteseka kwa kutosikilizwa maabarani walikuwa sasa wakiambiwa kuwa na wao hawasikilizi. Sikio la kufa halina kabila wala elimu.

Tanzania ililipokea jambo hili ikiwa na historia yake. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa mwaka 1963, na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974; Lugha ya Alama ya Tanzania imekua katika mabweni na viwanja vya shule kama hizo. Mwezi Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikizia watoto vipandikizi vya koklea, kazi ambayo kabla ya hapo iliwapeleka India. Kwa mzazi wa Kigamboni njia imefupika: kwa pantoni hadi Magogoni, au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016, na huyo yuko upande wa Muhimbili. Lakini ada ni makumi ya mamilioni ya shilingi kwa sikio moja, na mvuvi au mama lishe hawezi kuifikia peke yake. Betri na nyaya hutaka kubadilishwa. Na wakati haungoji: mtoto aliyezaliwa kiziwi hufaidika zaidi akipandikizwa kabla ya kutimiza miaka mitatu, na kila mwaka upitao hupunguza faida hiyo. Wazazi wengi hugundua uziwi mtoto akiwa ameshafika umri huo, maana jamaa walikuwa wakiwafariji kuwa atasema tu, hata babu yake alichelewa.

Upasuaji nao ni mwanzo. Chombo hakimpi mtoto maneno. Humpa mapigo ya umeme, na ni lazima afundishwe, kwa miezi na miaka, kwamba mapigo haya ni pata na haya ni bata, haya ni fua na haya ni vua. Kazi hiyo haiwezi kuazimwa kutoka vitabu vya Kiingereza. Inamtaka mtu anayekijua Kiswahili kwa silabi zake na mkazo wake. Wapenzi wa ushairi watashangazwa na jambo hili: chombo hiki hupitisha mapigo ya wakati vizuri, lakini kupanda na kushuka kwa sauti hukipitisha kwa taabu. Kwa lugha yetu ya utungo, mtoto huyo hupata mizani kabla ya mahadhi. Ngoma humfikia; fidla ya taarabu humfikia imechakaa. Basi mashairi yetu ya kuhesabu silabi, na nyimbo za kubembelezea, na vitendawili, si pambo katika malezi yake. Ni dawa.

Wala asinyimwe ishara wakati anangojea sauti. Mtoto asiye na lugha yoyote kwa miaka mitano hupoteza kitu ambacho waya hauwezi kukirudisha. Ajifunze Lugha ya Alama, na akijaaliwa kipandikizi ajifunze na kusema. Lugha mbili hazijapata kumlemea mtoto wa pwani. Na anayepaswa kuulizwa kuhusu maisha ya kiziwi, pamoja na daktari, ni kiziwi aliyekwisha kukua.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kuwa watu zaidi ya milioni 430 wana uziwi unaohitaji huduma. Idadi hiyo inatisha, lakini kila kilichotendeka katika kisa hiki kilianza kwa mtu mmoja kumsikiliza mmoja: mtoto akamsikiliza baba yake dukani, mhadhiri akamsikiliza mwanafunzi wa Iringa. Kipandikizi chaweza kumpa kiziwi sauti yetu. Hakijabuniwa chombo cha kutufanya sisi tumsikilize yeye. Hilo limeachiwa hiari yetu.