Gofu la Manowari

Alexander Mackay, mhandisi Mskochi aliyeletwa Buganda na kazi ya misheni, aliingia huku mwishoni mwa 1878 akitoka kwenye chombo kilichovunjika. Mashua ya misheni, Daisy, ilikuwa imepigwa na dhoruba kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Yeye na mwenzake waliikata sehemu ya katikati iliyoharibika, wakaunganisha omo na tezi, wakatweka tena. Nateete, ambako misheni ilikuwa na makao yake, bado inamkumbuka kwa kanisa lenye jina lake. Mpwani akisimuliwa habari hiyo hahitaji kamusi. Chombo kilivunjika, hakikuzama. Kilichovunjika kina fundi wake, na Mackay alikuwa fundi.

Tabu ya istilahi inaanza chombo kinapokwenda chini na kukaa huko. Wanafunzi ninaowasomesha Kiswahili hapa Nateete wakisoma habari za wapiga mbizi wanaoshuka kuzitazama manowari za zamani, neno wanalokutana nalo ni “mabaki ya meli”. Silipendi. Mabaki ni ya chakula, au ya mwili uliookotwa baada ya ajali. Ni neno la kitu ambacho sehemu yake bora imekwisha kuondoka. Sasa chukua Santo António de Tanná, frigeti ya Wareno iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697, wakati ngome ikiwa imezingirwa. Waakiolojia walipoichimba kati ya 1977 na 1980 walikuta mbao za chini za kiunzi bado zimeshikana matopeni, na shehena iliyoibuliwa ikajaza makabati ya makumbusho. Hayo si mabaki.

Kiswahili kina gofu. Gofu ni nyumba iliyoanguka paa ikabaki na kuta, na watu wakabaki na kumbukumbu ya waliokaa ndani. Tunasema magofu ya Kilwa, magofu ya Gede, na hakuna anayefikiri kwamba tunazungumzia vifusi. Kwa nini tusiseme gofu la meli, gofu la manowari? Jina hubadilisha namna watu wanavyokitendea kitu. Meli ya Sultani wa Zanzibar, Glasgow, ilizamishwa na Waingereza bandarini Unguja tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi mbele ya mji mzima, hadi 1912 ilipokatwakatwa kama chuma chakavu. Mtu angeiona gofu angefikiri mara mbili kabla ya kuleta msumeno.

Tukishapata nomino, vitenzi vinajipanga vyenyewe, na hapa ndipo furaha yangu ilipo. Kuzama ni jambo linalokupata. Kuzamia ni kushuka ukiwa na unachokitafuta, kama walivyozamia lulu wapiga mbizi wa Ghuba, wengi wao Waafrika waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hii. Mpiga mbizi basi ni yeyote anayeingia chini ya maji, na mzamia magofu ni yule anayeshuka kwa ajili ya meli. Wapo watakaopinga kwamba mzamiaji mitaani ni kijana aliyejificha melini ili afike Ulaya au Afrika Kusini bila tiketi. Ni kweli, na maana hiyo ina nguvu kuliko ile ya zamani. Ndiyo maana nasema mzamia magofu, maneno mawili, na utata unaondoka.

Wanafunzi wangu, ambao wengi wao lugha ya nyumbani ni Kiganda, hawapati shida na jozi ya kuzama na kuibuka, kwa sababu wanayo ya kwao: kubbira na kubbulukuka. Watu walioishi karne nyingi na Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria lenyewe, hawakungoja wageni wawaletee vitenzi vya kwenda chini na kurudi juu.

Lakini kuna tendo moja ambalo waandishi wetu huligeuza kuwa sentensi nzima: “kuzamisha meli yako mwenyewe kwa makusudi ili adui asiichukue”. Historia ya vita vya kwanza vya dunia katika Afrika Mashariki haisimuliki bila tendo hilo. Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji, iliharibiwa vibaya na mizinga ya Waingereza tarehe 11 Julai 1915, kisha mabaharia wake wenyewe wakailipua. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Julai, Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma kabla ya kuuacha mji, baada ya kuipaka mitambo yake grisi ili maji yasiile. Na tarehe 21 Juni 1919, katika ghuba ya Scapa Flow, kaskazini mwa Uskochi, mabaharia wa Kijerumani walifungua valvu za meli zao zilizokuwa zimezuiliwa huko, na 52 kati ya 74 zikaenda chini kwa siku moja.

Neno lipo nalo ni kutosa. Kutosa ni kukitia kitu majini kikaenda, na mtu akijitosa ameingia kwa hiari yake. Königsberg haikutoswa na Waingereza, ilijitosa. Götzen ilijitosa. Natamani kuliona neno hilo katika vitabu vya historia vya shule, baada ya serikali ya Uganda kuamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima, kwa maana silabi zile mbili za “jito-” zinabeba uamuzi wa nahodha, na neno kuzama halibebi.

Scapa Flow ndiko mzamia magofu anakojua maana ya kina na baridi kwa pamoja. Meli kubwa za vita zilizobaki huko, mojawapo Markgraf, zimelala hadi mita 45 hivi. Kwa kipimo cha manahodha wetu hiyo ni pima 25, na bildi, risasi ya kupimia kina, ingehitaji kamba ndefu. Wapiga mbizi wa burudani kwa kawaida huwekewa kikomo cha mita 40. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mzigo sawa na hewa yote iliyo juu yetu. Vitabu vya fizikia vya Tanzania huuita mzigo huo kanieneo, yaani kani juu ya eneo, na naliona kuwa miongoni mwa maneno bora kabisa yaliyowahi kutungwa, ingawa mitaani shinikizo limelishinda. Katika kina hicho naitrojeni ya hewa ya kawaida humlevya mtu akatabasamu mbele ya hatari. Ulevi wa kilindi, ningesema. Na vazi la kumkinga na baridi huitwa vazi kavu kwa haki, maana maji hayamgusi mwili.

Kwetu maji si ya baridi hiyo, ila Ziwa Viktoria lina jambo lake. Uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi, hivyo majedwali ya kupanda polepole yaliyotungwa kwa bahari hayafai humu bila kurekebishwa. Mpiga mbizi hapa huhesabu kina cha kamba na pia kina cha hesabu, kilicho kirefu zaidi. Maneno hayo mawili yanahitaji kuandikwa mahali, kwa kuwa yanahusu uhai.

Limebaki neno la kurudisha juu. Magazeti husema kuopoa, na yalisema hivyo kwa uchungu Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na wapiga mbizi wakashuka kuitafuta miili. Kuopoa ni kukitoa majini kilichopotea. Götzen nayo ilitolewa majini Machi 1924, na mitambo iliyopakwa grisi ikafanya kazi tena. Mwaka 1927 ilirudi kwenye Ziwa Tanganyika ikiitwa Liemba, ikabeba abiria na magunia kwa miongo mingi. Hiyo haikuopolewa. Iliibuliwa.