Neno la Motokaa na Jinsi Lilivyofupishwa

Chombo kiendacho kwa nguvu zake chenyewe kilipotokea Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, Wafaransa walikiita automobile. Jina hilo lilikuwa ndoa ya lugha mbili: autos ni neno la Kiyunani, maana yake "mwenyewe", mobilis ni la Kilatini, maana yake "kiwezacho kwenda". Wayunani hawakuikubali ndoa hiyo. Wao husema aftokinito, neno lenye maana ile ile, lakini pande zake zote mbili ni za nyumbani kwao.

Jina lilikuwa refu mno kwa watu wa njiani, likaingia kisuni. Wajerumani, Waholanzi na Wafini walishika kichwa wakaacha kiwiliwili: auto. Wafaransa na Waitalia walifanya vivyo hivyo, ila kwao kulikuwa na shauri jingine, yaani jinsi ya neno. Wajerumani hawalihesabu kuwa la kiume wala la kike. Waargentina hulifanya la kiume. Huko Italia mabishano yaliendelea hata mwaka 1920, mshairi Gabriele D'Annunzio alipomwandikia Giovanni Agnelli, mkuu wa kiwanda cha Fiat, kwamba motokaa ni ya kike kwa madaha na mvuto wake. Hoja hiyo ni ya mshairi, si ya mwanasarufi. Hata hivyo ndiyo iliyoshinda.

Habari ya Wadenmark ni ya ajabu zaidi. Mwaka 1902 gazeti la Politiken la Copenhagen liliwashindanisha wasomaji watafute jina fupi, na lililochaguliwa ni bil. Waswidi na Wanorwe walilipokea, na Waswidi wakalizalia hata kitenzi, bila, yaani kusafiri kwa motokaa. Sasa bil ni nini? Katika Kilatini ni sehemu ya kiambishi tamati -bilis, kionyeshacho uwezekano tu. Ni kama mtu atwaaye neno "kisomekacho", akatupa shina lake, akabaki na "eka", kisha akalifanya jina la kitabu. Kichwa kilitupwa, na mkia ukaota miguu.

Waiceland nao walichukua bíll, lakini wapenda lugha safi wakaunda bifreið kwa maneno ya asili. Neno hilo linakaa katika sheria na hati za serikali. Bíll linakaa vinywani.

Mswahili asicheke upesi. Omnibus ni Kilatini, "kwa ajili ya wote", na lilitumiwa kwa magari ya abiria ya Nantes katika miaka ya 1820. Waingereza waliacha "wote" wakabaki na bus, ambayo ni tamati tupu, na kutoka kwao tumepata basi.

Waindonesia walikata mahali pengine, wakapata mobil kutokana na neno la Kiholanzi. Ndugu zao wa Malaysia husema kereta, neno lenye asili ya Kireno. Ukilitia neno api, yaani moto, kereta api ni treni, kama Waswahili walivyosema gari la moshi.

Afrika ya Mashariki iliuchukua msemo wa Waingereza, ikapata motokaa. Waganda husema emmotoka, Wanyarwanda imodoka. Warundi husema umuduga, na wingi wake ni imiduga: neno geni limepewa viambishi vya ngeli ya miti na mito, likawa mwenyeji. Lingala pia ina motuka na mituka. Kiswahili hakikuona kiambishi hapo. Motokaa ilibaki motokaa, iwe moja au mia.

Lakini sokoni lilishinda gari, neno la Kihindi lililokuwa likitumika kwa vyombo vya kukokotwa kabla ya petroli kufika. Halikukatwa popote, maana lilikuwa fupi tangu mwanzo, na halisemi lolote juu ya kujiendesha. Hasara yake ni hiyo: gari la ng'ombe nalo ni gari. Sheria haiwezi kuridhika na jina lisilopambanua, ndipo huandikwa "chombo cha moto", na msikilizaji hufikiri juu ya uwako zaidi kuliko mota. Askari wa barabarani huandika hivyo katika karatasi yake. Dereva, akiulizwa, hujibu kwamba gari lake ni zima.